Mshauri wa Gongoni na Neno Alilolitoa

Tangu tumzike, watu wakimtaja wanasema alikuwa mpole. Mpole nani? Mimi niliyekaa naye ofisi moja miaka mingi, meza yangu ikitazamana na yake, nasema mama yule hakuwa mpole hata kidogo. Alikuwa mkali, alipenda sifa, alipenda umbeya, alikula pilipili kupita kiasi na tumbo likimuuma alilaumu kila kitu isipokuwa pilipili. Nilimpenda mno. Nampenda mpaka leo, na ndiyo maana sitaki apakwe rangi isiyokuwa yake.

Tulimwita Mshauri. Kibao cha mlangoni kilisema sisi ni washauri wa afya, basi wenye maduka ya Gongoni, mtaa wetu hapa Tabora, wakakifupisha: Mshauri huyo anapita, Mshauri leo kavaa kitenge kipya, Mshauri kakasirika msimsogelee. Ofisi ilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la nafaka. Ukifungua dirisha linaingia vumbi la pumba, ukifunga unakufa kwa joto. Alikuwa muuguzi mstaafu. Alifanya kazi wodini mpaka miguu ikavimba, na wenzake walipostaafu walifuga kuku. Yeye akafungua kampuni.

Kazi yenyewe nilimweleza mama yangu kule mtaa wa Ng'ambo mpaka nikachoka. Kuna mashirika makubwa ya nje yanayosaidia nchi kadhaa kuingiza mambo ya hospitali kwenye kompyuta na simu: nani kachanjwa, nani anatumia dawa gani, nani hajarudi kliniki. Kabla mfumo haujaanza lazima iandikwe miongozo. Nani aone taarifa za mgonjwa, nani asizione, na mgonjwa mwenyewe aulizwe vipi. Wanaoiandika wanakaa mbali sana, lakini mfadhili anataka ndani yake awemo pia mtu wa hapahapa anayejua watu wake. Huyo wanamwita mshirika wa ndani. Basi mshirika wa ndani ndio sisi: Mshauri, mimi, na dereva wa kukodi tuliyemzoea hadi akawa na kikombe chake cha chai.

Mama akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwa hiyo mnauza kompyuta?"

Udhaifu mkubwa wa Mshauri ulikuwa beji. Kila mkutano aliokwenda, Dar es Salaam, Nairobi, mara mojamoja Ulaya, alirudi na ile kadi ya shingoni yenye jina lake, na zote alizitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Mgeni akija, hata muuza karanga, atawekewa kiti kikielekea mlangoni. Siku moja nikamwambia, "Mama, hizi si uzitoe tu, zinakusanya vumbi."

Akanikata jicho. "Wewe mtoto wa Ng'ambo, unajua nimefikaje hapo? Mimi nimewahi kufukuzwa wodini na daktari mbele ya mgonjwa, kisa nimetoa wazo. Leo wananipa kipaza sauti. Ziache zikusanye vumbi."

Sikumgusia tena habari ya beji.

Vikao vya mtandaoni navyo vilikuwa sarakasi. Juu amejipamba, kilemba, hereni, wanja. Chini ya meza, kandambili. Akipewa nafasi ya kusema anaanza, "Hapa Tabora," kwa sauti ya mtu wa redio, na wale wageni kwenye vioo vyao vidogo wanatabasamu wote. Walimpenda. Umeme ukikatika katikati ya hoja yake haachi. Anaendelea kuhutubia kompyuta iliyozimika, mimi nikiwa msikilizaji pekee. "Ngoja nimalize," anasema, "nisije nikasahau."

Na umbeya! Jamani. Alijua nani kaachika Gongoni, nani kaoa mke wa pili Ng'ambo na bado hajamwambia wa kwanza, nani kauza shamba kwa siri. Alikuja asubuhi na habari zake kama mtu aliyetoka sokoni na kapu, na hakufungua kompyuta mpaka kapu liishe. Lakini mambo ya wagonjwa hayakumtoka hata kidogo. Shangazi yangu mwenyewe aliwahi kulazwa wodini kwake, zamani, mimi nikiwa mdogo, na nyumbani hawakutuambia anaumwa nini. Siku moja nikamchokonoa Mshauri. Akaweka kikombe chini taratibu. "Shangazi yako yupo hai?"

"Yupo."

"Ana mdomo?"

"Anao."

"Basi kamuulize mwenyewe, na mimi usiniulize tena swali la kijinga." Siku nzima hakusema nami. Mwe, siku ile niliona aibu mpaka nikaondoka kabla ya wakati.

Tuligombana pia kuhusu kazi, tena sana. Mimi nilikuwa naona tunatumiwa. Wao wanaandika, sisi tunapita vijijini kukusanya maoni, maoni yanakwenda huko, yanarudi mafupi na yamenyooshwa, na jina letu linawekwa mahali fulani kuonyesha kwamba Tabora imesikilizwa. Nilimwambia waziwazi, "Mama, sisi ni muhuri tu."

"Muhuri bora uwe mkononi mwangu," akasema.

"Siku wakituletea jambo baya?"

"Nitakuwa mezani, nitasema. Nikiondoka watamtafuta mwingine atakayekaa kimya. Wewe ungependa nani akae pale?"

Nikarudi kwenye karatasi zangu. Jibu la swali hilo nimelitafuta miaka yote hii.

Nimseme sasa dereva, maana bila yeye Mshauri hasimuliki. Alikuwa Mgogo, mtu wa makamo, kofia ya kufuma kichwani mvua au jua. Mshauri Mnyamwezi. Kwa mtu wa Tabora hapo sihitaji kueleza, hao ni watani. Mababu wa Wanyamwezi walipita Ugogo na mizigo kichwani, kwenda pwani na kurudi, mababu wa Wagogo wakawatoza hongo, ule ushuru wa njia, kwenye visima vyao, na wajukuu bado wanarushiana maneno kama vile misafara ilipita juzi.

"Mpagazi wangu, umeamkaje? Kichwa hakikuumi na mizigo?"

"Nimeamka salama, mzee wa kisima. Leo unatunyima maji au unatuonea huruma?"

Kila asubuhi hivyo. Mshauri alicheka mpaka kilemba kinalegea. Na akili yake ilivyokuwa, utani ule akaugeuza kuwa kazi. Vijijini watu wana adabu. Mgeni akiwauliza, "Mnakubali?" watasema ndiyo, kwa sababu mgeni katoka mbali na si heshima kumrudisha mikono mitupu. Ukiandika ile ndiyo umeandika heshima yao, hujaandika maoni yao. Basi yeye alikuwa anamsimamisha dereva kwanza. Dereva anawachokoza Wanyamwezi waliokaa pale, nao wanamjibu, wanavuka mipaka, wanasema upuuzi mtupu kwa makusudi, maana mtani ukimjibu kistaarabu umeshindwa. Kicheko kinajaa. Halafu kinapungua, kinakwisha, watu wanafuta machozi, wanatulia. Hapo Mshauri anakaa kimya, mikono mapajani, anasubiri. Alikuwa na subira ya ajabu kwa mambo hayo, mtu ambaye chai ikichelewa anagombana na birika. Baada ya muda, mmoja wao anakohoa. "Ila mama, lipo jambo." Hapo ndipo nilipokuwa nafungua kalamu. Hakuniruhusu kuandika neno kabla ya hapo.

Kisha ukaja mradi wa meseji. Mtu anayetumia dawa za kila siku, zile ambazo ukizianza huziachi maisha yote, mfumo utamkumbusha kwa simu kwamba siku ya kuchukua dawa imefika. Jambo jema kabisa. Wageni wakaja wenyewe kusikiliza watu, tukaenda nao kijiji kimoja njia ya Ulyankulu. Kiongozi wao alikuwa bwana mrefu, mwenye adabu, simsemi vibaya. Alijifunza "mwangaluka," salamu ya asubuhi ya Kinyamwezi, ndani ya gari na akaisema vizuri, wazee wakafurahi.

Tulikaa darasani, watu wamejaa hadi madirishani. Kiongozi akauliza, mkalimani akafasiri: mnakubali kliniki iwatumie ujumbe? Na asiye na simu, mnakubali utumwe kwenye simu ya nyumbani kwao?

Sasa vijiji vile, simu ya nyumbani ni moja, na inakaa mfukoni mwa baba. Ukimwuliza mwanamke namba yake atakupa hiyo, kwa sababu ndiyo anayopatikana nayo.

Dereva akasimama, kofia yake kaivuta mpaka kwenye nyusi. "Nyie wapagazi mna siri gani ya kuficha? Mke na mume mnakula sahani moja, mnalala kitanda kimoja, mtashindwa kusoma meseji moja? Watumiwe wote! Mwenyekiti wa kijiji naye atumiwe!"

"Na wewe Mgogo utumiwe," mzee mmoja akadakia, "uje uhakikishe tumemeza!"

"Tumeni na kwa mama mkwe!" mwingine akapiga kelele kutoka dirishani.

"Tumeni! Tumeni!" Mikono juu, vigelegele, makofi, madawati yanagongwa. Mshauri mwenyewe alikuwa ameinama kwa kicheko. Nikamwona kiongozi wa wageni uso umemng'aa. Akatazama saa yake. Walikuwa na ndege ya jioni kutoka Tabora mjini, na barabara ile si ya kukimbiza gari. Akasimama, akaweka mkono kifuani kushukuru.

Mshauri akaacha kucheka. "Subirini kidogo. Bado hawajasema."

"Wamesema, mama," akajibu yule bwana kwa upole. "Tumewasikia kwa masikio yetu. Yaliyobaki utatuandikia wewe. Tunakuamini."

Ile "tunakuamini," mbele ya kijiji kizima, ilimvimbisha kichwa. Nilimwona. Aliwasindikiza hadi kwenye gari lao, akawapungia mkono, akarudi darasani anatabasamu. Sisi tukabaki. Kicheko kikaisha, watu wakatulia, na kile kikohozi kikaja kama kawaida, na watu wakasema yao, ila waliotoka mbali kuyasikia walikuwa wameshaondoka.

Mwisho kabisa, watu wanatawanyika, akaja mwanamke mmoja. Sitamtaja, hata kwa jina la kubuni. Alinipa mtoto wake nimpakate, akamwambia Mshauri, "Mama, mimi nimecheka na wenzangu, nimenyoosha na mkono. Lakini ile simu ni ya baba watoto. Hajui kama natumia dawa. Akijua, sina pa kwenda."

Mshauri akamshika mikono yote miwili. "Haitatumwa. Mwongozo huo naushika mimi. Nakupa neno langu."

"Kweli, mama?"

"Kweli kabisa."

Yule mwanamke akachukua mtoto wake, akaenda. Alitembea kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Na kweli Mshauri aliandika. Kifungu kifupi, kizuri, hajawahi kuandika kizuri kama kile: kila mtu aulizwe akiwa peke yake, ujumbe wake uende namba gani, na akisema usitumwe popote, usitumwe. Kikaenda. Rasimu ya kwanza kilikuwemo. Ya pili kilikuwemo. Mwongozo ulipotoka, hakikuwemo. Kiongozi akatuandikia kiungwana kwamba mwongozo ni wa nchi kadhaa, ilibidi ufupishwe, mambo ya namna hiyo yatafundishwa wahudumu kwenye mafunzo, na toleo lijalo litayatazama. Tena, akasema, watu wenyewe wa kijiji walikubali kwa shangwe, aliwaona.

Lakini juu ya jalada, kwa mara ya kwanza, palikuwa na jina la kampuni yetu. Kubwa, sawasawa na la wale wengine.

Mshauri alitazama lile jalada muda mrefu. "Watawafundisha wahudumu," akasema. "Si amesema watawafundisha?" Akachukua nakala, akatoka kwenda kuwaonyesha wenye maduka.

Jamani, mtu unaweza kumlaumu na kumlilia kwa pumzi moja. Hakulala na jambo lile, hilo naapa. Alipanga twende wenyewe kijijini kabla mfumo haujawashwa, tuwaambie akina mama mmojammoja. Mvua zikakata barabara. Alimpigia mhudumu wa zahanati, mhudumu akasema namba zilishaingizwa zote, na siku za kutuma mashine inazijua yenyewe. Akapiga Dar es Salaam. Akapiga nje. Wote walimjibu vizuri, wote waliahidi kufuatilia.

Meseji iliingia wakati wa chakula cha mchana. Mume akaisoma kwa sauti mbele ya watoto na mama yake, hajui ni nini, anadhani ni matangazo. Halafu akaelewa. Haya tuliyapata kwa mhudumu wa zahanati baada ya barabara kufunguka. Mwanamke alitoka siku hiyohiyo na mtoto mgongoni na kanga aliyovaa. Dawa zilibaki ndani. Alikwenda upande wa Urambo, walisema, au mbele zaidi, na kliniki hakuonekana tena.

Tulirudi mjini. Ofisini Mshauri akakaa kwenye kiti chake, akashika kichwa, akasema, "Akiacha dawa atakufa, na nitakuwa nimemuua mimi." Dereva alikuwa amesimama mlangoni, hakuingia. Alivua kofia, mara ya kwanza naona kichwa chake, upara mtupu. "Ni mdomo wangu, Mama," akasema. Si mpagazi. Mama.

"Mdomo wako ulifanya kazi yake. Mimi ndiye niliyewaacha waondoke."

Kuanzia kesho yake walisalimiana kwa adabu. Umeamkaje, salama, na wewe, salama. Nilikuwa nawasikia kutoka mezani kwangu na moyo unanipasuka. Utani haukurudi tena, na chai ya asubuhi tulikunywa kila mtu akitazama kikombe chake.

Mshauri akaanza kumtafuta yule mwanamke. Na hapa ndipo ugumu wake ulipokuwa, maana hakuweza kumuuliza mtu yeyote. Utafika kliniki ya watu useme nini? Mmemwona mama fulani, mwembamba, ana mtoto, anatumia dawa hizi? Swali lenyewe linatoa siri. Akiuliza ndugu, siri. Akiuliza balozi wa mtaa, siri. Basi alikuwa anapanda gari, siku za gulio, anakaa sokoni na kikapu kama mnunuzi, anatazama nyuso. Urambo. Kaliua. Vituo vyote vile vya reli ya Kigoma. Mtu mzima, miguu imevimba, anakaa juani kutwa anatazama nyuso za wanawake. Nilimwambia aache. Akaniambia, "Nilimwambia kweli kabisa. Akarudia kuniuliza, nikamwambia kweli kabisa."

Akampata. Tulikuwa pamoja siku hiyo. Alikuwa amekaa chini anauza michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, na alikuwa amekonda hadi mifupa ya mabega inaonekana. Alitutambua kwanza yeye. Akainuka, akamwachia jirani biashara, akatutangulia nyuma ya vibanda.

Mshauri akapiga magoti. Mama mzima yule, na miguu yake ile iliyovimba. Alikuwa anashika tu pindo la kanga ya yule mwanamke.

"Inuka, mama. Watu wanatuona." Akamwinua mwenyewe. "Nimerudia dawa. Mbali, si hapa. Nimetoa jina lingine. Walipoomba namba nikasema sina."

"Ashukuriwe Mungu. Mwanangu, nisamehe."

"Nimekusamehe." Akatazama huku na huku. "Mimi sikuwaamini wale, nilikuamini wewe. Lakini nimekusamehe. Ila usirudi."

"Nilitaka nije tu nikuone, nikuletee—"

"Usirudi, mama. Hapa ndiyo kwanza wananizoea. Watauliza wewe nani kwangu, nitawajibu nini? Mtu wa afya? Hata ukiniona barabarani, hunijui."

Mshauri akarudi hatua moja nyuma. "Sikujui," akasema.

Baada ya hapo alibadilika kwa wageni. Watu wa miradi bado wanasimuliana habari za mama wa Tabora aliyetwaa ufunguo wa gari la wageni akautia kifuani, akawaambia kikao hakijaisha, ndege ikiwaacha hakuna aliyekufa kwa kuachwa na ndege. Wanaisimulia kama kichekesho. Hakikuwa kichekesho. Nilikuwepo. Hawakutuita tena baada ya hapo. Toleo jipya la mwongozo lilipotoka kifungu kile kilikuwemo, neno kwa neno, ila safari hii sisi hatukuwemo. Nilikimbia nacho nyumbani kwake nimefurahi kupita kiasi. Alikisoma, akanirudishia. "Kizuri," akasema, akaniuliza kama nimekula.

Ofisi tukaifunga. Mimi nikapata kazi kwingine hapahapa mjini, nikawa naenda kumwona siku za mapumziko. Mwezi wa Ramadhani, mimi nimefunga, hakula mbele yangu hata alipokuwa mgonjwa. Mkristo yule wa Moravian aligeuza kiti chake ukutani kumeza vidonge.

Mara ya mwisho kutembea naye, miaka mingi baadaye, ilikuwa stesheni. Alikuwa anakwenda Kigoma kwa dada yake, nami nikamsindikiza na begi. Asubuhi, jukwaa limejaa watu na mizigo yao, ndoo za asali, magunia, kuku wamefungwa miguu. Alikuwa ananishika mkono, maana miguu ilishachoka. Nikasikia vidole vyake vinanibana.

Alikuwa anatujia, yule mwanamke. Amevaa gauni la kitambaa kizuri, begi kichwani, na pembeni yake msichana wa sare ya shule, mrefu kumfikia bega. Hapakuwa na pa kupishana ila pale pale. Mshauri akayaondoa macho yake kwake, akayapeleka kwenye ubao wa matangazo, akawa anausoma kwa bidii ubao ambao bila miwani hauoni.

Walipotufikia, mwanamke akasema, "Shikamoo, mama." Vilevile mtu anavyomwamkia mzee yeyote aliyemkuta njiani.

"Marahaba," akasema Mshauri, na hakusimama.

Tulitembea hadi mwisho wa jukwaa. Kulikuwa na benchi, akajiachia juu yake, akashika fimbo kwa mikono miwili. Alikuwa anahema.

"Umemwona alivyonenepa?"

"Nimemwona, Mama."

"Na mtoto amekuwa. Ana viatu. Umeona viatu?"

"Nimeviona."

Hakuthubutu kugeuza shingo. "Hebu niangalizie," akasema. "Amegeuka kututazama?"

Nikaangalia. Walikuwa wanakwenda zao katikati ya watu, mama na binti, wanazungumza, begi limetulia kichwani.

"Hajageuka, Mama."

"Vizuri," akasema. "Vizuri sana." Machozi yalikuwa yanamdondoka kwenye mikono, naye akawa anarudia tu, vizuri, vizuri, mpaka treni ikaingia.